Joto la moshi linaruka kwenye silinda namba 3: ni sensa au ni injini? (RV-9A, Lycoming O-320)

RV9_Texas

Habari za kazi, wakuu. Ninaishi Marekani, katika jimbo la Texas, na ninarusha RV-9A, ndege ya viti viwili iliyoundwa nyumbani kwa vipande vya Van's Aircraft. Injini yake ni Lycoming O-320-D1A ya nguvu za farasi 160, yenye kabureta na pangaboi ambalo pembe yake haibadiliki. Sikuiunda mimi, niliinunua kwa aliyeiunda pamoja na daftari zake zote, na kwa mujibu wa daftari hizo sensa nne za joto la moshi, moja kwenye bomba la moshi la kila silinda, ni zilezile zilizofungwa tangu mwanzo, na zimeshapita saa 500 za injini.

Tatizo liko kwenye silinda namba 3, ile ya nyuma upande wa kulia. Kwa kawaida, katika mwendo wa safari, silinda zote nne husoma kati ya nyuzi 1,350 na 1,420 za Farenhaiti, na namba 3 imekuwa ikikaa katikati ya wenzake. Sasa hivi, injini ikishapata joto sawasawa, usomaji wa namba 3 huporomoka ghafla hadi karibu 1,100, hukaa hapo sekunde chache, kisha hurudi ulipokuwa kana kwamba hakuna lililotokea. Mara nyingine skrini huonyesha vistari vitupu mahali pa namba. Joto la kichwa cha silinda hiyohiyo halitikisiki. Linabaki karibu 360 kama siku zote. Injini inanguruma vizuri, mizunguko haishuki, na sijasikia mtetemo wowote mpya.

Ninaomba msaada katika mambo haya. Nitathibitishaje kwamba kosa ni la sensa na si la silinda, bila kubahatisha? Ikithibitika ni sensa, nibadilishe moja au zote nne? Na wakati wa kufunga mpya, ni mambo gani ambayo mtu asiyewahi kufanya kazi hii hukosea? Kwa sasa ndege ipo bandani, na sitairusha mpaka nielewe ninachoangalia.

FundiWilson

Umefanya vyema kutaja joto la kichwa cha silinda pamoja na joto la moshi, kwa sababu uchunguzi huanzia hapo. Vipimo hivi viwili vinaangalia moto uleule kutoka pande mbili tofauti. Moto ukififia ndani ya silinda, joto la moshi hubadilika mapema, na kichwa cha silinda, ambacho ni pande zito la aluminiamu, hufuata polepole kwa dakika moja au mbili. Ukiona kimoja kinashuka nyuzi 300 na kingine hakijui lolote, shuku kipimo kabla hujaishuku injini. Zaidi ya hapo, ncha ya sensa yenyewe ni chuma, na chuma huhitaji sekunde kadhaa kupoa. Usomaji unaoporomoka kwa kufumba na kufumbua na kurudi vilevile hauwezi kuwa joto halisi. Huo ni mzunguko wa umeme unaokatika na kuunganika.

Hata hivyo kuna mwendo mmoja wa namba ambao sitaki mtu yeyote anayesoma hapa aulaumu kwenye sensa kwa haraka. Ukiona joto la moshi la silinda moja linapanda na kushuka kwa utaratibu, taratibu, nyuzi 30 hadi 50 hivi, mzunguko mmoja kwa dakika au polepole zaidi ya hapo, hiyo inaweza kuwa vali ya kutolea moshi iliyoanza kuungua ukingo. Vali huzunguka kidogo kidogo juu ya kiti chake kadiri injini inavyofanya kazi, na sehemu iliyoungua ikipita mahali fulani huvujisha gesi zaidi, ikipita pengine huvujisha kidogo. Hapo dawa si sensa mpya. Dawa ni kutoa plagi, kuingiza kamera ndogo ya kuchungulia na kuutazama uso wa vali, kisha kupima mgandamizo wa silinda. Maelezo yako hayafanani na hayo, lakini pakua kumbukumbu za skrini yako na utazame mchoro wa safari nzima badala ya kutegemea ulichokiona kwa jicho ukiwa angani.

Kisha fanya majaribio haya ardhini, na uyafanye kwa mpangilio huu kwa sababu kila moja linapunguza maswali ya linalofuata.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, washa skrini pekee. Sensa zote nne zinapaswa kusoma joto la hewa ya bandani, zikitofautiana kidogo tu. Inayosoma vistari ina waya uliokatika. Inayosoma namba isiyo na maana ina waya unaogusa mwili wa ndege au kiunganishi kibovu.

Washa injini, iache ipate joto, kisha fanya jaribio la magneto (mitambo miwili inayozipa plagi cheche) kama kawaida yako kwenye mizunguko 1,700 au 1,800, lakini safari hii macho yawe kwenye joto la moshi na ukae kwenye kila magneto muda wa kutosha namba zitulie. Ukiwa kwenye magneto moja, silinda huwashwa na plagi moja tu badala ya mbili, moto huchelewa kumalizika, na moshi hutoka ukiwa na joto zaidi. Kwa hiyo namba zote nne zinatakiwa kupanda. Silinda ambayo namba yake inashuka kwenye magneto moja tu ina plagi chafu au waya wa plagi uliokufa, na sensa yake inasema kweli. Ikiwa namba 3 inapanda pamoja na wenzake kwenye magneto zote mbili, basi uwashaji wa silinda hiyo ni mzima.

Ukiwa hapo, kagua pia bomba la kuingizia hewa la silinda namba 3. Kwenye injini yako bomba hilo limeshikwa upande wa chini kwa mpira na klipu, na juu kwa gasketi. Petroli ya ndege ya 100LL ina rangi ya buluu, na panapovuja huacha doa la buluu kuzunguka kiungo. Hewa inayoingilia hapo hupunguza petroli kwenye mchanganyiko wa silinda hiyo, na tofauti huonekana zaidi nguvu zikiwa chini. Ukifungua mafuta yote, shinikizo la ndani ya bomba hukaribia lile la nje na tofauti hupotea. Ni ugonjwa mwingine kabisa na huu wako, lakini ni dakika chache tu za kutazama.

Jaribio la mwisho ndilo litakaloamua. Zima injini, iache ipoe, kisha kwenye viunganishi vilivyo karibu na injini badilishana waya za namba 3 na namba 1. Nimechagua namba 1 kwa sababu iko upande huohuo wa kulia na waya zitafikiana. Usiguse sensa zenyewe. Washa tena. Kama kuruka kumehamia kwenye safu ya namba 1 ya skrini, kosa liko upande wa injini wa kiunganishi, yaani sensa au mwisho wa waya wake. Kama kumebaki kwenye safu ya namba 3, sensa haina hatia, na utafute kwenye waya mrefu unaokwenda kwenye dashibodi au kwenye skrini yenyewe.

Rotax_Pwani

Niongeze jambo moja kwa wenye injini za Rotax 912, maana wengi wetu huku pwani ndizo tunazotumia. Injini hizi zina kabureta mbili, moja ikilisha silinda 1 na 3, nyingine ikilisha 2 na 4. Mkiona joto la moshi limetofautiana kwa upande mzima, msinunue sensa. Pimeni kwanza kama kabureta hizo zinafunguka kwa pamoja, kwa kuwa sensa mbili za upande mmoja kufa siku moja ni jambo la nadra, lakini kebo ya kabureta kulegea ni jambo la kawaida. Tena sisi tuna kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, nyuzi 880 za Selsiasi, kwa hiyo usahihi wa namba yenyewe una uzito kwetu. Lycoming yenye kabureta kama ya mwenzetu haikupewa kikomo cha namna hiyo. Humo rubani hupunguza petroli akitafuta kilele cha joto la moshi na kujipima kutoka hapo.

Pia chumvi ya baharini hula viunganishi. Ukungu mwembamba wa kutu kwenye kiunganishi hautabadilisha namba sana, kwa sababu skrini hunywa umeme kidogo mno kutoka kwenye sensa, lakini kutu hiyohiyo ndiyo inayofanya mgusano ukatike kila injini inapotetemeka. Safisha viunganishi na uvikaze kabla hujahukumu.

RV9_Texas

Ninawashukuru sana. Nimefuata mpangilio wa FundiWilson hatua kwa hatua, na haya ndiyo majibu.

Asubuhi sensa zote zilisoma joto la bandani. Kwenye jaribio la magneto, namba 3 ilipanda pamoja na wenzake pande zote mbili. Hakuna doa la buluu. Mchoro wa kumbukumbu hauonyeshi mawimbi ya taratibu; unaonyesha mistari iliyosimama wima, chini na juu, inayoanza injini ikishapata moto. Baada ya kubadilishana waya, kuruka kulihamia safu ya namba 1.

Nikaitoa sensa na kuipima mezani kwa multimita. Ikiwa imetulia inasoma omu mbili hivi. Lakini nikiupinda waya kidogo mahali unapotoka kwenye kikombe cha chuma nyuma ya sensa, mita inaonyesha mkato kamili, kisha inarudi. Nilipotazama kwa lenzi niliona kwamba kitambaa kilichofumwa kuzunguka waya kimeliwa upande mmoja, hasa mahali kilipokuwa kinagusa mkia wa klipu inayoishika sensa kwenye bomba, na nyuzi za ndani zinaonekana. Kwa hiyo nadhani kosa limepatikana.

Yamezuka maswali mapya. Rangi za waya upande wa sensa zimeungua na kuwa kahawia, siwezi kujua ipi ilikuwa nyekundu na ipi ya njano, na ile ninayotaka kuinunua ina waya wa kijani na mweupe. Pili, tundu kwenye bomba la moshi limekuwa na umbo la yai, na kuzunguka tundu hilo kuna alama nyeupe-kijivu kwenye bomba. Tatu, lile swali la moja au nne bado halijajibiwa.

FundiWilson

Kosa limepatikana, na limepatikana mahali ambapo sensa nyingi hufia. Ncha iliyo ndani ya moto ina ganda la chuma cha kuvumilia moto. Shingo ya nyuma, ambako waya laini hukutana na ganda, ndiyo inayopokea mtetemo wote. Iliruka ikiwa moto tu kwa sababu joto hutanua vyuma na kuachanisha nyuzi ambazo zikipoa hugusana tena.

Kuhusu rangi, tafadhali soma polepole, kwa sababu hapa ndipo hata mafundi umeme wazoefu wa magari hupotea. Sensa yako ni themokapuli ya aina K, yaani waya mbili za aloi tofauti, kromeli na alumeli, zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata moto kuliko upande wa pili, waya hizo huzaa umeme mdogo, takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, yaani sehemu 41 za volti iliyogawanywa mara milioni. Katika utaratibu wa Marekani, kromeli, ambayo ni chanya, hupewa rangi ya njano, na alumeli, ambayo ni hasi, hupewa rangi nyekundu. Narudia: nyekundu ni hasi. Katika utaratibu wa kimataifa wa IEC, chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Kwa hiyo kijani cha sensa yako mpya kinakwenda kwenye njano ya ndege yako, na nyeupe inakwenda kwenye nyekundu, mradi uhakikishe kwenye karatasi ya sensa kwamba ni aina K.

Kwa zile zilizoungua, chukua sumaku ndogo. Alumeli huvutwa na sumaku katika joto la kawaida; kromeli haivutwi. Kwangu mimi hili ni jaribio la kuaminika kuliko rangi yoyote, kwa sababu rangi ilipakwa na mtu.

Ukigeuza waya kwenye kiunganishi cha sensa peke yake, utagundua haraka, maana namba itashuka chini ya sifuri au skrini itakataa kusoma kadiri injini inavyopata moto. Kosa lenye hatari zaidi ni kugeuza mara mbili, yaani waya mrefu wa kati umegeuzwa kwenye sensa na ukageuzwa tena nyuma ya skrini. Hapo namba hupanda kama kawaida na asubuhi kila kitu husoma sawa, lakini injini ikiwa moto usomaji unakuwa pungufu kwa mara mbili ya tofauti ya joto kati ya kiunganishi na skrini. Chini ya kifuniko cha injini kukiwa na nyuzi 70 za Selsiasi na kwenye dashibodi nyuzi 25, utapungukiwa nyuzi 90 za Selsiasi, ambazo ni zaidi ya 160 za Farenhaiti, na hakuna kitakachokuambia. Vilevile, mtu akirefusha waya kwa shaba ya kawaida, usomaji hupungua kwa tofauti hiyo yenyewe, bila kuzidishwa mara mbili. Waya wa kurefushia aina K uwe wa aina K mpaka nyuma ya skrini.

Kabla ya kuifunga mpya, ijaribu mezani. Itumbukize ncha kwenye maji yanayochemka na usome milivolti kwa multimita. Chumba kikiwa na nyuzi 25, kwenye usawa wa bahari utapata karibu 3.1. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko, na mita husoma karibu 2.8. Husomi kwa ajili ya usahihi wa mwisho. Unataka kuona kwamba sensa inafufuka, kwamba ishara yake ni chanya kwenye waya unaoamini ni chanya, na kwamba haikatiki ukiupinda waya taratibu. Angalia pia kama skrini yako inahitaji sensa ambayo ncha yake imetengwa na ganda. Baadhi ya skrini huvurugika zikipewa sensa ambayo ncha yake imeunganishwa na ganda, kwa kuwa umeme wa injini hupata njia ya kuingia. Pima kwa omu kati ya waya na ganda: iliyotengwa haitaonyesha muunganiko wowote.

BombaNaPlagi

Nitajibu kuhusu tundu, kwa kuwa nimelehemu mabomba mengi ya moshi ya chuma cha pua, ya ndege na ya magari.

Zile alama nyeupe-kijivu ni mabaki ya risasi iliyomo kwenye petroli ya ndege. Maana yake ni kwamba gesi ya moto imekuwa ikichungulia nje kupitia tundu. Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Gesi inayotoka hapo ina joto la kuunguza waya, mpira na kitambaa cha kioo cha kukinga moto, na ndani yake mna kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na kifuniko cha injini kina njia ya kuipeleka ndani ya chumba cha rubani. Huenda gesi hiyohiyo ndiyo iliyomaliza kitambaa cha waya wako. Kama huna kipimo cha kaboni monoksaidi ndani ya ndege, kinunue pamoja na sensa.

Tundu la sensa ya kawaida ni la inchi 1/8, yaani milimita 3.2. Likiwa limepanuka kidogo tu, kile kikoni kilicho kwenye shingo ya sensa kitaliziba klipu ikikazwa. Likiwa na umbo la yai linaloonekana kwa macho, kikoni hakikai sawasawa, sensa hucheza, na mchezo huo unaendelea kula tundu. Hapo toa bomba, lipeleke kwa mtu anayejua kulehemu chuma cha pua kwa gesi ya agoni, alijaze tundu, alisawazishe, kisha utoboe upya palepale. Sikushauri utoboe tundu la pili pembeni na kuliacha la zamani.

Mahali pa kutoboa si suala la kupenda. Pima kwenye silinda nyingine tatu umbali kutoka flanji ya bomba (ukingo unaofungwa kwenye silinda) hadi kwenye tundu, na tundu jipya liwe katika umbali huohuo. Wengi huweka kati ya inchi 2 na 4. Ukiwa karibu mno unapigwa na moto wa vali na sensa haidumu. Ukiwa mbali mno moshi umeshaanza kupoa. Lakini zaidi ya umbali wenyewe, usawa kati ya silinda ndio wenye thamani, kwa sababu sentimita moja au mbili za tofauti zinatosha kufanya silinda mbili zinazofanya kazi sawa zionekane hazilingani. Epuka kona kali ya bomba na epuka kiungo kinachoteleza. Ncha ifike katikati ya bomba. Bomba la kipenyo cha inchi 1¾ linataka milimita 22 hivi kutoka ukingo wa nje.

Unapotia alama kwenye bomba usitumie penseli. Kaboni ya penseli huingia ndani ya chuma kikishapata moto, na baadaye ufa huanzia palepale ulipochora mstari. Tumia kalamu ya wino. Vipande vya chuma vinavyotokana na kutoboa visiingie upande wa vali. Kwa hiyo bomba litobolewe likiwa mezani, na likirudi lifungwe kwa gasketi mpya.

Rotax_Pwani

Kwa swali la moja au nne, mimi ningebadilisha zote. Zimefungwa siku moja, zimepikwa kwenye moto uleule kwa saa zilezile, na aina K ikikaa muda mrefu kwenye moto mkali wenye oksijeni kidogo hupoteza kromiamu kwenye waya wa kromeli na kuanza kusoma pungufu. Sensa mpya pembeni ya tatu zilizochoka itakupa picha isiyolingana.

FundiWilson

Ninaheshimu hoja hiyo, na kwa Rotax yenye kikomo kilichoandikwa ningeikubali. Kwa injini hii ninaona tofauti. Rubani wa O-320 anatumia joto la moshi kwa mambo mawili: kutafuta kilele wakati wa kupunguza petroli, na kugundua badiliko lisilo la kawaida. Kwa yote mawili sensa inatakiwa iwe tulivu na ijirudie, haihitaji kulingana na jirani yake hadi nyuzi ya mwisho. Ukizibadilisha zote nne kwa mkupuo, unafuta historia yote ya ndege hiyo kwenye kumbukumbu, na likijitokeza jambo wiki ijayo hutakuwa na cha kulinganisha nacho. Ningebadilisha namba 3, ningezichomoa nyingine tatu na kukagua shingo, ganda na matundu yake, na ningeagiza moja ya akiba ikae kwenye kisanduku cha ndege. Ikiwa ukaguzi utaonyesha shingo nyingine imeanza kuliwa, hiyo nayo itoke.

Wakati wa kufunga, geuza kichwa cha skrubu ya klipu mahali bisibisi itakapofika bila kutoa kitu kingine, na mkia wa klipu uelekee mbali na waya. Zungusha waya kitanzi kimoja kipana kabla ya kuufunga kwenye fremu ya injini ili mtetemo uishie kwenye kitanzi badala ya shingoni. Usiufunge pamoja na waya za plagi. Ukiziona namba zinacheza unapobonyeza redio, tafuta mahali zinapolala pamoja. Viunganishi vya pini au vya skrubu na nati vyote vinafaa, mradi waya mbili za aloi zigusane moja kwa moja, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kila waya na wake.

Kuhusu karatasi: kwa ndege ya kuundwa nyumbani huko Marekani, mwenyewe anaruhusiwa kuifanya kazi hii. Saini ya ukaguzi wa kila miezi 12 ndiyo inayomtaka mtu aliyeidhinishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kama vile fundi mwenye leseni ya ndege na injini, au aliyeiunda ndege hiyo akiwa na cheti chake cha ufundi kwa ndege hiyo. Andika kwenye daftari ulichotoa, ulichofunga na saa za injini.

Ukishawasha, kagua kuzunguka tundu kwa tochi baada ya injini kupoa, ukitafuta alama mpya ya kijivu. Klipu hulegea baada ya moto wa kwanza kwa sababu mkanda hujitandaza kwenye bomba. Ikaze tena ikiwa baridi, kabla ya safari ya pili, na uiguse tena kila unapobadilisha oili. Namba 3 ikisoma nyuzi 20 au 30 tofauti na ilivyokuwa zamani, iandike kama mwanzo mpya wa silinda hiyo. Ikipanda na kushuka taratibu kwa utaratibu, rudi kwenye ile kamera ya kuchungulia vali.